Mlolongo Nyuma ya Mama Wakonyo

S.L.P. 41,
Kiptere.
12 Juni, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Jonah,

Chamgei, kaka? Joto limefika huko Minnesota, ama bado mnavaa makoti? Caren mke wako hajambo? Na mtoto, bado anakataa ugali? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama analalamikia magoti, lakini Jumapili alitembea mpaka kanisani na akakataa fimbo, kwa hiyo mimi simhesabu kuwa mgonjwa.

Mvua ya mawe ilitupiga mwezi wa Aprili ikararua majani yote, tukakaa majuma mawili bila kuchuma. Sasa chai imechipuka tena. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike, na mama anasema ataitwa Caren. Mwambie mkeo taratibu.

Umeniuliza juu ya shule za mkataba, zile zinazolipiwa na serikali na kuendeshwa na watu wengine, kwa sababu unataka kumpeleka mtoto huko na umesikia yetu ni ya namna hiyo. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekujibu kwa hasira. Leo nimepumua, naweza kukujibu kwa haki.

Unakumbuka shule yetu ilivyokuwa, mwalimu mmoja akifundisha madarasa mawili kupitia dirishani. Miaka mitatu iliyopita, sisi wazazi pamoja na kanisa tuliikabidhi kwa shirika moja la Nairobi liiendeshe. Mwanzoni nilisifu mpaka majirani wakanichoka. Walimu wanafika mapema kila siku. Kila mtoto ana kitabu chake. Saa nne kuna uji. Binti yangu mkubwa alitoka pale na Kiingereza cha kuninyamazisha nyumbani kwangu mwenyewe.

Lakini hakuna kizuri kisicho na kasoro. Nafasi hutolewa kwa kura, na watoto wa jirani waliokosa wanatembea mbali kila asubuhi wakiipita shule hii mlangoni. Walimu ni vijana wa muda mfupi. Mtoto akishamzoea mmoja, mwalimu huyo anaajiriwa na serikali, huyoo anaenda. Na somo lenyewe linasomwa kutoka kwenye tableti, kwa mwendo uliopangwa Nairobi. Mwalimu hana ruhusa ya kumngoja mtu.

Hapo ndipo tuliponaswa. Chepchirchir, kitinda mimba wangu, hasikii vizuri sikio la kushoto tangu ile homa ya utotoni. Katika masomo ya mbio namna hiyo alianza kubaki nyuma. Mwezi wa Mei nikaletewa barua: amekuwa chini ya kiwango mihula miwili, na kwa kifungu cha tisa cha mkataba, nimtafutie shule nyingine. Jonah, nililia. Mtoto mwenyewe aliniuliza amekosa nini.

Kumbe kifungu hicho tulikikubali wenyewe. Unajua tunavyochagua kamati ya kituo cha kuuzia majani ya chai: wagombea wanasimama, nasi tunapanga mlolongo nyuma ya tunayemtaka, na siku zote tunamfuata mwenye chai safi, ambaye karani hajawahi kumrudishia majani. Basi kamati ya shule tuliichagua vivyo hivyo. Tulimfuata Mzee Chepyegon. Akaletewa kurasa kumi na nne, akaweka sahihi kwenye kila moja bila kuvaa miwani. Nami nilikuwa kwenye mlolongo wake, wa tatu kutoka mbele.

Mkataba ulikuwa unaisha mwezi huu, kwa hiyo Jumamosi iliyopita tuliitwa kuchagua kamati ya kuujadili upya. Nilimwomba Mama Wakonyo agombee, yule mke wa Ndung'u mwenye duka la mbolea. Mwanawe yuko darasa moja na Chepchirchir, na katika wazazi wote ni yeye tu aliyeomba nakala ya mkataba akaisoma mpaka mwisho. Lakini hana hata mche mmoja wa chai. Tulipoambiwa tujipange, nyuma yake tulikuwa wanne, mimi wa mwisho. Mlolongo wa Mzee Chepyegon ulifika kwenye vyoo. Watu walinitazama kama nimechuma chai ya shamba la mtu mwingine, na moyoni nikaanza kuhesabu maili za hiyo shule nyingine.

Mzee akageuka, akautazama mlolongo wake. Kisha akavua kofia.

"Mimi najua majani," akasema. "Karatasi sijui. Huyu mama anasoma mpaka risiti ya kiberiti."

Akatembea polepole na fimbo yake, akaja kusimama nyuma yangu. Mlolongo wote ukamfuata. Walikwisha kuzoea kumfuata.

Jumatatu Mama Wakonyo alikaa na watu wa shirika kutwa nzima. Kura imebaki, na tableti zimebaki; hayo hakuyaweza. Lakini kifungu cha tisa kimefutwa, na Mwalimu Mokaya, anayemfundisha Chepchirchir, sasa anaruhusiwa kusimamisha somo na kurudia. Mtoto amehamishiwa dawati la mbele, sikio lake zuri likimwelekea mwalimu. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Mei.

Kwa hiyo kaka, mpeleke mtoto ukiona panamfaa. Ila usome mkataba kwanza, hasa pale panaposema juu ya mtoto anayechelewa. Mimi sikusoma.

Barua yako ya mwisho, safari hii sikumsomea mama mimi. Aliyemsomea ni Chepchirchir. Ilichukua muda mrefu, mama akasinzia katikati, na mtoto akaendelea tu mpaka jina lako. Mama alipoamka, Chepchirchir alirudi pale mama aliposinzia, akaanza kusoma tena.

Nisalimie Caren, na umbusu mtoto hata akikataa. Mama anakuombea kila jioni, na Mzee Chepyegon anauliza utarudi lini. Ukipiga simu, anza na Chepchirchir; mpe nafasi aihamishe kwenye sikio la kulia, kisha ongea taratibu. Mungu awafunike huko mliko, na awape kazi isiyowachosha.

Ni mimi dada yako, ambaye kila siku anakuwaza,
Rodah