Nakala ya Juu

Mama Tabitha,

Ile kompyuta ya ofisi ya kanisa imezimwa. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza watoto wangu wako aje. Iko pale kwa kona, imefunikwa na kile kitambaa chako cha kufuma. Sasa washirika wetu wote wako mtandaoni, majina yao kwa programu mpya. Pasta anaweza kuwaona kwa simu akiwa safarini huko Plateau ama akiwa kitandani, na anafurahia jambo hilo sana. Wewe ungesema anafurahia kupita kiasi. Mimi kwenye barua bado naandika "msaidizi wa karani". Ameniambia niache, sijaacha.

Kuhamisha majina kulichukua wiki mbili, na sikulia hata siku moja. Ulikuwa unaandika namba za simu ukiacha nafasi katikati, na programu mpya haizitaki hizo nafasi, kwa hivyo nilizifuta moja moja. Kazi ya kuchosha. Hakukuwa na mtu wa kuniambia niache kwanza ninywe chai.

Kosa lilitokea Jumamosi ya kwanza. Kwa programu yako ya zamani mshirika alikuwa ama "yupo" ama "amehama". Nafasi ya "amefariki" ilikuwepo, lakini miaka saba tuliyokaa meza moja sikuwahi kukuona ukiijaza. Nilidhani ni uvivu kidogo, nisamehe. Nikahamisha majina vile yalivyokuwa. Kumbe programu mpya ina mambo yake: kila Jumamosi mchana inawatumia waliohama meseji ya kuwakaribisha. Ikawatumia wote. Ndiyo, hata wale.

Jumatatu asubuhi Mama Leah, mjane wa Mzee Kibet wa Kiplombe, aliingia ofisini bila kubisha na kuweka simu ya marehemu mezani. Sikujua kwamba mpaka leo anaichaji. Meseji ilisema, "Ndugu Kibet, tumekukosa. Karibu nyumbani Jumapili." Mama Leah akaketi kwa kiti chako. Hakupaza sauti.

"Hata mimi nimemkosa, Emily," akasema. "Lakini mimi sijamwandikia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba msamaha, halafu, Mungu anisamehe na hilo pia, nikakutupia wewe lawama. Nikamwambia ni Mama Tabitha aliyekuwa akiwaandika marehemu kama watu waliohama. Nilitarajia akukasirikie wewe badala yangu. Yeye akatikisa kichwa tu, akaniambia nifungue kabati, nitoe faili ya kijani.

Wewe mama! Si nilikucheka kila ulipoenda sokoni kununua karatasi ya kaboni ya kutolea nakala, na printa iko hapo? Ulikuwa unanijibu, "Kuna barua za printa na kuna barua za mkono," halafu unaendelea na kazi. Nilijua unawaandikia wanaohamia Kaptagat ama Nairobi, ile barua ya kawaida ya kanisa: mchukuzi wa barua hii ni mshirika wetu mwema, mpokeeni. Sikujua unawaandikia na waliokufa.

Wote wako kwa hiyo faili, nakala za kaboni, kwa mwandiko wako ulioegemea nyuma. Ya Mzee Kibet inasema alikuwa mwaminifu, kwamba aliimba besi vibaya lakini hakukosa mazoezi, mpokeeni. Nikamuuliza Mama Leah nakala ya juu iko wapi. Akasema iko kwa mfuko wa koti alilozikwa nalo mzee wake. Ulimpelekea mwenyewe asubuhi ya mazishi, ukamwambia hakuna mtu anatoka kwa kitabu chetu bila barua, na nakala inabaki kwa faili ya kijani.

Alipoenda nilifunga mlango, nikalia. Sikuwa namlilia Mzee Kibet, alikuwa mzee na alikwenda na barua yake. Nilikuwa nimekumbuka kwamba wewe tulikuzika bila yako. Na aliyekuchagulia nguo ni mimi. Ile suti ya zambarau ilikuwa na mfuko, nikaweka leso.

Pasta ameagiza marekebisho yaishe leo. Wengine wote nimewabadilisha kuwa "amefariki", mmoja mmoja, na hakuna meseji itawafuata tena. Kwa sehemu ya maelezo nimeandika, kwa kila mmoja: barua ilitolewa. Limebaki jina moja tu, lako. Bado unaonekana "yupo". Pasta ameniuliza mara tatu, kwa upole, na mara tatu nimemwambia mtandao unasumbua. Huo ni uongo, mtandao uko sawa kabisa. Nimeshindwa kukutoa bila barua, kwa sababu sheria ni yako na wewe ndiye uliyenifundisha kazi.

Kwa hivyo nimetoa karatasi ya kaboni iliyobaki kwenye droo yako. Tangu mwanzo nimekuwa nikiandikia juu yake. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Kwa wanaopokea huko: mchukuzi wa barua hii ni Tabitha, mshirika wetu na karani wetu. Ni mkali kuhusu majina ya watu. Hapendi kuharakishwa. Anakunywa chai bila sukari, na atawaambia haijaiva. Alitunza watu wetu wote na hakuacha hata mmoja aende mikono mitupu. Hatuna neno juu yake. Mpokeeni.

Nakala ya chini naiweka kwa faili ya kijani. Ya juu nitakuletea kaburini Kiplombe Jumamosi. Nitachimba kidogo pale karibu na msalaba, niiweke ndani ya nailoni kwa sababu ya mvua. Najua imechelewa. Na watakaokufuata, Mama, nitawaandikia kwa mkono, hata Pasta akileta programu nyingine kumi. Nitatafuta pia wa kumfundisha, maana na mimi siku moja nitahitaji yangu.

Nenda salama. Nikishatia sahihi hapa, nabonyeza.

Emily,
karani