Helmeti Namba Mbili na Mhanga Mzito

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu popote walipokutuma wiki hii. Natumai zinakukuta mzima, na mkono umeunga vizuri na hauumi tena baridi ikipiga. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, na kabla hujauliza, presha yake imetulia kuliko yangu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Ni kwa sababu kila ujumbe nikikutumia, yule mwenzako Kipara anaudaka na kuusoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima, na haya ya leo si ya Kipara. Tafadhali kaa pembeni usome peke yako.

Najua lile suala la duka la Mjomba limekukaa kooni. Tangu dari la ghala likuangukie, Mama hana wimbo mwingine: uvue hizo buti, uache uzimamoto, uende ukauze misumari na rangi kwa Mjomba, ulale nyumbani kama watu. Nawe umemwahidi jibu mwisho wa mwezi huu. Najua hulali ukiliwaza, maana kazi hiyo unaipenda kuliko chakula, na Mama huwezi kumkatalia. Barua hii inahusu jibu hilo, lakini nianze na kazi yangu, la sivyo hutaelewa.

Watu wakikuuliza dada yako anafanya kazi gani, huwa unawajibu kwamba anatazama picha, basi mnacheka. Cheka tu. Kwenye ile helmeti mpya tunayowaandalia mna kamera mbili. Ya kawaida inaona mlango, kizingiti na nyaya, lakini moshi ukizidi inapofuka. Ya joto inamwona mtu hata ndani ya moshi, kwa kuwa mwili una joto, ila kizingiti kilichopoa haikitofautishi na sakafu. Kwa hiyo picha mbili zinachanganywa ziwe moja, ndiyo hiyo mnayoiona kwenye kioo mbele ya jicho. Njia za kuchanganya ni nyingi, na wahandisi walituletea tano. Mimi sichanganyi kitu. Kazi yangu ni kupima nani kachanganya vizuri.

Basi tukapima. Mkuu wetu tunamwita Bwana Desimali, maana hata ukimuuliza hali yake anataka kukujibu kwa nukta. Vipimo vyetu vyote viliipa njia namba tano ushindi, na Bwana Desimali alifurahi mpaka akawa anapiga mluzi koridoni. Mimi nikaiangalia picha yenyewe, moyo ukagoma. Ilikuwa imejaa chenga, kama televisheni ya bibi ikipoteza mawimbi. Vipimo vyetu vilikuwa vinahesabu kila chenga kuwa ni habari! Kaka, wapo watu wanaoongea sana kikaoni ukadhani wana mengi ya kusema, na namba tano ilikuwa hivyo hivyo. Namba mbili ilikuwa imetulia, na alama zake zilikuwa za kutia huruma.

Nikatengeneza kipimo changu. Kila mstari uliomo kwenye picha iliyochanganywa kinauuliza umetoka kamera gani. Kama haumo kwenye ya kawaida wala ya joto, huo ni uzushi, unakatwa alama. Na picha ikipendelea kamera moja ikaisahau nyingine, nayo inakatwa. Kwa kipimo hicho namba mbili ikapanda juu, namba tano ikaporomoka. Nikakimbia kwa Bwana Desimali huku natabasamu. Akaniambia taratibu kwamba mtu hawezi kuipenda picha, akatunga mzani, halafu mzani wake ukaichagua picha ile ile, akategemea kuaminiwa. Twende tukaone kwenye moshi, alisema. Nilinuna mpaka mchana, lakini ukweli ni kwamba alikuwa na haki.

Ndipo tulipoomba kikosi chenu kije kwenye chumba cha majaribio, chenye ule moshi wa majukwaani usiochoma koo. Ikabaki kumpata mhanga wa kuokolewa. Mwanasesere hafai, kwa kuwa ni baridi na kamera ya joto haimwoni. Tukamjaza chupa za maji ya moto, zikavuja, na kwenye skrini akaonekana kama mtu aliyekojoa kitandani. Alihitajika mtu mwenye damu yake. Fundi wa kamera alianza kukohoa kabla hata moshi haujawashwa. Karani akakumbuka ghafla kwamba ana mgongo. Mwishowe akapatikana wa kujitolea, muuguzi wenu akampima akamwona yuko sawa, na nitakuja kwake muda si mrefu.

Siku yenyewe unaikumbuka, lakini hukuona nilichokiona mimi. Nilikuwa chumba cha pili, kwenye skrini inayoonyesha kila mlichokiona. Hakuna kati yenu aliyejua amevaa namba gani. Kipara alipewa namba tano. Kioo chake kilimetameta, mhanga alionekana, lakini ule ubao tulioulaza mlangoni ulipotelea kwenye chenga. Akaupiga teke, akaenda chini puu, nusura amwangukie mhanga. Moyo ulinipasuka, na utajua kwa nini.

Ukaja wewe na namba mbili. Ulivuka ubao kama mtu anayeingia chumbani kwake. Tulikuwa tumewaambia mumtoe mhanga tu, basi, hakuna la ziada. Wewe ukapiga magoti, ukakagua mikanda ya barakoa yake, ukaweka mkono chini ya kichwa chake kisijigonge, kisha njia nzima ukawa unaongea naye. Ulimwambia sasa tunavuka ubao, sasa tunakata kushoto, mwanga ule ni mlango. Ulipofika nje ukaharibu kila kitu: ukauliza kwa sauti watu wa maabara hii wanalishwa nini, mbona mhanga wenu mzito hivi. Wote wakacheka. Ghafla king'ora kikalia, mkadandia gari na kuondoka kabla mhanga hajavua barakoa.

Namba mbili imechaguliwa, kaka, na kipimo changu sasa kinatumika pamoja na vile vya zamani. Bwana Desimali alinipa mkono mbele ya ofisi nzima. Nina furaha hata naona aibu kuisema.

Sasa shika vizuri kiti chako. Mhanga alikuwa Mama.

Usinipigie kelele. Alikuwa ameniletea funguo nilizosahau nyumbani, akakuta tunabishana nani alale, akasema kulala anajua, hahitaji kufundishwa. Nilikataa katakata. Akanivuta pembeni akaniuliza kama kikosi kinachokuja ni chenu. Nilipokubali, akasema siku zote anasikia king'ora tu, na safari hii anataka kujua huko ndani unafanya nini. Akanionya nisithubutu kukuambia, kwa sababu ungembeba kwa adabu. Umjuavyo Mama, ningefanyaje?

Ulipoondoka alikaa kwenye benchi na ile ovaroli ya majaribio tuliyomvika. Nilidhani ameumia, nikaanza kumpapasa mikono na miguu. Akasema Kipara alipoanguka alishikwa na hofu ya kweli, akasahau kwamba ni majaribio. Halafu akasikia sauti yako inamwambia habari ya ubao, na hofu ikamtoka. Akasema miaka yote hii king'ora kikilia alikuwa anauona moto, na wewe uko katikati yake peke yako. Hakuwahi kumfikiria mtu aliyelala chini anayekusubiri. Akaniuliza kama nimeona kwamba mkono uliomshika kichwa ni ule uliovunjika. Akasema haukutikisika hata kidogo. Alilia, kaka, nami nikalia, na karani mwenye mgongo akatuletea maji.

Kisha akaomba simu yangu akampigia Mjomba. Alimwambia atafute mtu mwingine wa dukani, kwa sababu mwanawe ana kazi. Mjomba akataka kubishana, simu ikakatwa. Kwa hiyo lile jibu la mwisho wa mwezi, lilale salama. Hakuna anayekudai tena.

Aliporudi ndani alimkalia kooni Bwana Desimali mpaka akaapa kwamba helmeti yako itakuwa na namba mbili, na kwamba hata Kipara apewe, maana naye ana mama yake.

Wasalimie wote kikosini, na Kipara mwambie pole ya magoti. Salamu za Mama nimeamriwa niziandike kama alivyozitamka: kwamba amekuona, kwamba Jumapili uje ule nyumbani, na kwamba yeye si mzito, ni ile ovaroli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mtazama Picha