Jina Alilolitaja Wifi Yangu

Mama Sikudhani, mshauri wetu, kamwene. Nakusalimu kutoka Kifanya, Wilaya ya Njombe, na baada ya salamu naomba unisaidie, kwa sababu jambo hili nimelibeba mwaka mzima na sasa nina mimba ya miezi saba na sioni pa kulitua.

Mimi ni Oktavia, nina miaka ishirini na mmoja. Mume wangu Hosea anapasua mbao kule Makambako, na kwa kuwa hii ni mimba ya kwanza nimerudi kwa mama yangu nijifungulie hapa, kama ilivyo desturi yetu. Atakayenizalisha ni mama mkubwa Idda, dada wa mama, ambaye amezalisha nusu ya kijiji, na hapo ndipo penye tatizo langu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, wifi yangu Emilia, mke wa kaka Tarsis, alishikwa na uchungu wa mtoto wa nne. Watatu wa kwanza walizaliwa mikononi mwa mama mkubwa bila shida, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi, lakini alianza Alhamisi asubuhi na hadi Ijumaa kunakucha mtoto alikuwa hajatoka, na mama mkubwa akasema watatu wamepita njia hiyohiyo, huyu wa nne anazuiwa na nini kama si mama yake kutoka nje ya ndoa, akamwambia ataje jina la mwanaume ili mtoto afunguliwe, na Emilia akakataa. Asubuhi hiyo gari la Miraji, mfanyabiashara wa Makambako, lilikuwa kwetu linapakia viazi, na Miraji aliposikia alikuja hadi mlangoni akamwambia kaka, "Ndugu yangu, mpandisheni mbele, kabla ya saa sita tuko hospitali Njombe." Kaka akamtazama mama mkubwa, na mama mkubwa akasema, "Aseme kwanza. Akipanda na siri yake atafia njiani." Miraji akasubiri mpaka saa nne, akaondoka, maana mvua ilikuwa inakuja na barabara yetu ikilowa haipitiki.

Saa saba Emilia akataja jina. Akasema ni Alfonsi, jirani yetu, mtu mwenye mke na watoto. Na haikupita nusu saa uchungu ukakoma kabisa, akanyamaza, mama mkubwa akatoka nje kuwaambia wanaume, "Mmeona? Amesema, na mwili umelegea." Ndani tulibaki wawili, mimi na yeye, mikono yake ya baridi, midomo myeupe, akanishika akasema polepole, "Wifi, sijalala na mwanaume mwingine. Nimemtaja Alfonsi kwa sababu nyumba yake naiona hapo mlangoni. Waambie nimedanganya, wanipeleke." Nikatoka nje kusema. Nikawakuta wazee wamekaa, baba anamshukuru mama mkubwa, kaka ameinamisha kichwa, nikasimama pale, kisha nikasema anaomba maji. Nilisema hivyo tu. Baadaye walipoona anazidi kuishiwa nguvu wakatengeneza machela, wakambeba kuelekea barabara kuu, akafa kabla hawajafika, na tulimzika na mtoto wake tumboni.

Sasa mke wa Alfonsi ameondoka na watoto. Kaka anasema Silvesta, mtoto wake wa mwisho mwenye miaka mitatu, si damu yake, na amempeleka kwa wazazi wa Emilia huko Ipelele, Makete. Mimi nikimwambia mama kwamba nataka kujifungulia hospitali ananijibu, "Ukiukataa mkono wa dada yangu watu watasema una la kuficha." Tena kuna swali linanisumbua, kama jina lile lilikuwa la uongo, mbona uchungu ulikoma? Nikisema nitavunja ukoo, nisiposema nitalazwa kwenye mkeka uleule. Nifanye nini?

Oktavia, Kifanya

MAMA SIKUDHANI ANAJIBU

Oktavia, nilikujibu kwa posta siku ileile, maana mimba haingoji gazeti. Nilichokuandikia ndicho hiki.

Pole kwa msiba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililokufunga mdomo. Uchungu haukukoma kwa sababu ya jina. Kabla ya kukaa kwenye meza hii nilikuwa mkunga wa hospitali miaka kumi na tisa. Mtoto akilala vibaya tumboni, au akiwa mkubwa kuliko nyonga za mama, hatoki hata mama awe mtakatifu. Mfuko wa uzazi unaendelea kusukuma, na kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa mara kadhaa unaweza kupasuka. Ukipasuka uchungu unakatika ghafla, watu waliopo wanashusha pumzi, na damu inamwagika ndani ambako hakuna anayeiona. Siwezi kuapa juu ya mtu ambaye sikumpima, lakini ulivyoeleza ndivyo inavyokuwa. Alihitaji kupasuliwa tangu Alhamisi jioni, na kuungama hakukuwa dawa yake.

Sasa nikukaripie. Wifi yako alikupa maneno machache akiwa anakufa, ukayageuza kuwa maji. Huenda saa ile yasingemwokoa, kwa sababu gari lilikuwa limekwenda. Lakini umekuwa na mwaka mzima tangu azikwe, na katika mwaka huo mtoto amepoteza baba aliye hai na mwanaume asiye na kosa amepoteza nyumba yake. Ulikuwa mdogo mbele ya wazee, nakubali. Udogo huo umekwisha.

Mama yako mkubwa si mchawi. Alifanya alichofundishwa, akakosea, na asipoambiwa atamkosea mwingine.

Usiende kwa kaka yako peke yako. Mwite Hosea, mchukueni katekista akae katikati yenu, mama mkubwa awepo, nawe useme maneno ya Emilia kama alivyoyasema bila kuongeza lako. Siku hiyohiyo mtu mzima wa ukoo aende kwa Alfonsi kumwomba radhi.

Na wewe nenda kliniki wiki hii na kadi yako. Mtoto wa kwanza hazaliwi nyumbani. Mwezi wa tisa wa mimba ukianza usiwe Kifanya, uwe Njombe mjini, kwa ndugu yeyote pale mtaa wa Ramadhani, karibu na hospitali. Kabla ya hapo, ukiona damu, ukivimba uso, kichwa kikikuuma na macho yakiona giza, au chupa ya maji ikipasuka bila uchungu, usingoje siku ya kliniki. Mwombe mama mkubwa akusindikize akuone ukizaa, akitaka. Asipotaka, nenda. Wanaosema una la kuficha waache waseme. Maneno yao hayatakutoa damu.

Oktavia ameandika tena, na ameniruhusu kuchapisha haya baada ya kubadilisha majina. Alijifungua Njombe, mtoto wa kike, salama. Mama mkubwa hakumsindikiza. Mbele ya katekista, Tarsis alisikiliza hadi mwisho, akamuuliza dada yake jambo moja tu, "Alisema wampeleke?" Alipojibiwa ndiyo, akatoka. Jumatatu akapanda basi kwenda Makete, na Silvesta yuko nyumbani. Alfonsi ameombwa radhi, lakini mke wake hajarudi.

Nanyi wengine mnaosoma, wanaume hasa, maana ninyi ndio mnaotoa ruhusa: mwanamke akikaa na uchungu saa kumi na mbili na mtoto hajatoka, msimhoji. Mpelekeni.