Taa Nyeupe Zilizokimbiza Kijiji cha Shangazi

Papa,

Usikasirike. Nimebadilisha taa za mbele za pikap yako.

Najua ungefanya nini. Ungelizunguka gari lote, mikono mgongoni, na mwisho ungesema neno lile ulilokuwa unamwambia kila mtu aliyekupa shauri: "Inatembea, haitembei?" Inatembea, Papa. Mlango wa kushoto bado tunaufunga kwa kamba, na kiti chako bado kimebonyea pale ulipokaa miaka yote. Sasa mimi ndiye ninayekaa ndani ya hilo shimo lako. Mwanzoni nilikuwa naiona barabara kupitia katikati ya usukani, mpaka Mama akanishonea mto.

Nina habari nyingi nzuri na sijui nianzie wapi. Kavira, kitinda mimba wako, ameolewa. Mama anaimba tena akitwanga majani ya sombe. Vita bado viko. Waasi wa leo si wale wa jana na hatuhangaiki tena kushika majina yao, lakini soko la Butembo linafunguliwa asubuhi na watu wanagombania vitunguu kama kawaida. Acha nianze na taa, maana arusi ya Kavira nusura iharibike kwa sababu ya hizo taa.

Barabara ya Beni wewe uliijua kwa mgongo. Kila shimo lilikuwa na namna yake ya kukurusha, na ulikuwa unajiinua kidogo kwenye kiti kabla hatujalifikia. Ndiyo maana zile ampuli za njano za taa zako zilikutosha. Ukungu ukishuka, ulikuwa unasogeza kichwa mpaka paji la uso linagusa kioo. Nilipolichukua gari mara ya kwanza baada ya kukuzika, nilikuta alama ya paji lako pale, ya mafuta, duara kama kisahani cha chai. Nilisafisha kioo chote nikaiacha hiyo. Ilififia yenyewe, polepole, kuanzia chini, mpaka ikabaki kama kofia. Nilidhani nitalia ikiisha. Nilicheka, Papa. Kofia yenyewe ilikuwa imekaa upande, kama yako.

Lakini mimi barabara naijua kwa macho tu. Asubuhi moja ya ukungu, kabla ya Maboya, niliona dimbwi nikadhani ni kivuli, tukalala ndani yake na magunia yote ya kabichi. Vijana waliokuja kutusukuma waliniuliza, "Mama dereva, samaki iko humo?" Nikaamua siku hiyo hiyo.

Fundi Kasereka, rafiki yako wa gereji iliyo chini ya kanisa, hajabadilika. Bado anaongea kuliko injini. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini alikuwa amerudi kutoka Dubai na taa nyeupe za zenoni, nikanunua jozi moja, na Kasereka alilifungua boksi kama mtoto siku ya Noeli. "Masika," akaniambia, "hii hapana taa. Hii ni jua ya kukata vipande." Alifanya kazi mchana wote. Akavuta waya mpya, mnene, moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa sababu ule wa zamani ungeungua. Visanduku viwili vya chuma vinavyopandisha umeme akavifunga chini ya boneti kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mama alisimama pembeni na bakuli, anangojea taa za zamani. Moja sasa kuku wanaitumia kunywa maji. Ya pili ameifanyia nini, hataki kusema.

Jioni Kasereka akaniambia niwashe. Papa, nilidhani nyumba imefunguka. Ukuta wa gereji ulikuwa mweupe, tukaona mpaka alama za vidole vya mtu aliyeupaka chokaa. Lakini alikuwa amezielekeza juu mno. Mwanga ulipita juu ya ukuta, ukapanda kilima, ukaingia kwenye madirisha ya kanisa, ambako korali ilikuwa inajifunza wimbo wa Bwana kurudi. Wimbo ukakatika katikati. Halafu tukasikia sauti nzito ya mmoja wa waimbaji wa besi: "Bwana, ngojea kidogo, hapana nimetubu bado!"

Tulicheka mpaka Kasereka akakaa chini. Kisha akachora mstari wa chaki ukutani na kuzishusha taa mpaka zikagusa mstari.

Sasa arusi. Unajua desturi ya nyumba yetu: baba akiwa hayupo, dada yake ndiye anayemshika bibi arusi mkono na kumtoa. Na dada yako ni mmoja tu. Kavira alisema wazi, "Shangazi asipofika, mimi sitoki ndani." Nilimjua. Angekaa na gauni lake mpaka jioni, na bwana arusi angekaa Beni na kola yake mpaka jioni. Kwa hiyo mpango ulikuwa huu: niondoke alfajiri kwenda kwa Shangazi, kule upande wa Vuhovi, nirudi naye Butembo kuwachukua Mama na Kavira, kisha sote tushuke Beni kabla ya adhuhuri. Neno nilikuwa nimeshalituma: Masika atakuja alfajiri na gari la kaka yake Kambale, Shangazi awe tayari.

Niliondoka nikiwa na furaha kubwa. Taa zilikuwa zinakata ukungu kama kisu kwenye siagi, hapana, nisikudanganye, kwenye ukungu mnene zilikuwa zinarudi usoni kama maziwa. Lakini ukungu ukipungua, niliona kila kitu: majani ya chai kando ya njia, macho ya mbuzi, kila jiwe. Niliimba. Nilikuambia kwa sauti, "Ona, Papa, ona!"

Nilipopinda kona ya mwisho, kijiji chote kikawaka mbele yangu. Na hakukuwa na mtu.

Milango ilikuwa wazi. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Kwa Shangazi, sufuria ilikuwa juu ya mafiga, inachemka, na kiatu kimoja cha arusi, kilichopakwa rangi vizuri, kilikuwa kimelala katikati ya uwanja. Kimoja tu. Nikaita, "Shangazi! Ni mimi!" Nikaita tena. Nikasikia mtoto akianza kulia mahali fulani kwenye migomba, na mara mkono ukamziba mdomo.

Hapo ndipo nilipoelewa, Papa. Kule juu, magari yenye taa nyeupe ni ya wanajeshi tu. Walikuwa wameona jua langu tangu kilima cha pili, wakakimbia. Wakiitwa hawatatoka. Hata wanajeshi huanza kwa kuita kwa upole.

Nilizima taa. Ikawa giza na ukungu, mbaya zaidi. Nikaziwasha tena. Niliwaza kuingia kwenye migomba kumtafuta, lakini nani anaingia porini kuwafuata watu wanaokimbia? Ningewasukuma mbali zaidi. Na kule Butembo Kavira alikuwa anavaa. Nilisimama tu. Sikujua la kufanya, na kwa kuwa mikono yangu ilitaka kazi, nikavua kitambaa kichwani nikainama mbele ya gari kufuta matope kwenye taa.

Ndipo sauti ikatoka kwenye migomba, kali, kama ya mtu aliyeibiwa:

"Yesu! Masikio!"

Nikageuka. Nilikuwa nimesimama katikati ya mwanga wote ule, kichwa wazi.

"Batu, mutoke! Hapana basoda, hapana jeshi! Angalieni masikio ya huyu mutoto! Ile masikio ni ya Kambale! Mungu alifanya mbili tu za namna ile, na Kambale alimwachia huyu!"

Na Shangazi akatoka. Kikwembe chake cha arusi, kitenge kipya, kilikuwa na matope mpaka magotini, mguu mmoja una kiatu, na mkononi ana kile kijiko kikubwa cha kukorogea. Nyuma yake mzee jirani akatoka na kuku kwapani, akaniangalia vizuri, akasema, "Kumbe tulikimbia masikio ya Kambale?" Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikaenda kwa mwingine, watu wanatoka huku na huku kwenye majani wanacheka, wanajifuta umande, wanarudia jina lako. Kambale, Kambale. Tangu mazishi hakuna aliyelitaja jina lako kwa sauti mbele yangu. Watu walikuwa wanasema "marehemu". Na sasa kilima kizima kilikuwa kinalisema, kwa kucheka.

Nililia hapo kidogo. Sikukawia.

Shangazi alinishika sikio, kweli, akalivuta. "Weye, nani alikuambia kuleta jua mu kijiji mbele ya jogoo? Taa ya baba yako tulikuwa tunaijua. Moja njano, ingine njano ya kufa. Tukiiona kule ng'ambo, tunaweka chai. Leo tumeona nyeupe, tumeacha chai, tumekimbia!"

Niliomba radhi. Niliomba radhi hasa kwa mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni, ambaye hakucheka mara moja kama wengine. Nikampa sweta langu amfunike mtoto. Baadaye naye akacheka, lakini namkumbuka.

Halafu Shangazi akatazama kundi lote. Kila mtu alikuwa na furushi lake, maana kule wanalala mafurushi yakiwa tayari: nguo, sahani, blanketi. Akayatazama mafurushi, akalitazama gari.

"Sasa mumefungasha," akasema. "Murudi kulala kufanya nini? Pandeni. Twende arusi."

Wakapanda, Papa! Mzee na kuku wake, yule mama na mtoto, wasichana wawili wa korali ya kijiji, sijui na nani mwingine. Kiatu kilichopotea tulikiokota. Gari likainama nyuma kiasi kwamba taa zikapanda juu, zikawa zinaangaza ncha za mikaratusi. Shangazi, pale kwenye kiti cha mbele, akacheka njia nzima. "Sasa ndege wote banajua kama Kavira anaolewa."

Mama alipotuona tunaingia uani na kijiji kizima, alishika kichwa, kisha akaenda kuongeza maji kwenye chai. Kavira alitoka mlangoni na gauni lake, akamwona Shangazi na matope yake, akakimbia akamkumbatia kabla mtu hajasema "gauni!" Alama ya tope ilibaki kiunoni. Aliolewa nayo.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha kuingilia Beni, ukungu ulikuwa bado, na nilikuwa nimesahau kuzima. Mwanajeshi alijificha uso kwa mkono akapiga kelele kwa Kilingala nizime taa, "Yaya, boma miinda!" Nikazima haraka. Akasogea, amekasirika, akaona bibi arusi, akaona kuku, akaona watu wamejazana nyuma wanaimba. "Ni nini hii?" Mama akamwambia, "Ni arusi, mwanangu. Umekula?" Akampa mandazi. Akala pale pale akiwa ameegemea kizuizi, akauliza kama bibi arusi ana dada. Shangazi akanionyesha mimi: "Huyu iko. Lakini angalia masikio kwanza." Akafungua kizuizi anacheka na mdomo umejaa.

Tulifika kengele ya kanisa ikilia. Shangazi alimshika Kavira mkono na kumpeleka mbele, kiatu kimoja kinang'aa na kingine kina matope, hatua zake ni zako kabisa, bega moja mbele. Sikuweza kuangalia vizuri. Nilitazama mgongo wake tu, mpaka akafika.

Ndivyo ilivyokuwa, Papa. Taa sijaziondoa. Barabara siijui kama wewe na sitaki kulala tena na kabichi. Lakini tuliporudi, Shangazi aliniwekea sheria: nikipinda kona ya mwisho, nishushe taa, niwashe ile taa ndogo ya ndani, nivue kitambaa, niende polepole kama ng'ombe. Nimefanya hivyo mara ya kwanza wiki iliyopita. Niliona kivuli kimoja kinasimama mlangoni, kinaangalia, kinaangalia. Halafu kikapunga mkono. Hakuna aliyekimbia, isipokuwa mbuzi.

Sasa nikuambie la mwisho, nalo usimwambie mtu huko uliko, maana Kavira hataki lisemwe mapema: ana mimba. Mtoto akija, Shangazi ndiye atakayemshika kwanza, na mimi ndiye nitakayekwenda kumchukua Shangazi kilimani. Nakuahidi, Papa, nitafika kichwa wazi, taa ya ndani inawaka, na watu wa kule watanijua kabla sijawaita.

Baki na Mungu, Papa. Pumzika mgongo wako. Mashimo yote sasa ni yangu.

Binti yako,
Masika