Ndugu Wawili Waliogawanywa na Kura

Lanham, Jumapili jioni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo wewe, shikamoo Mama. Natumai nyote wazima na karafuu zimekubali. Mimi sijambo, baridi imepungua, na kazi ya kumtunza Bi Ruth, yule bibi wa miaka tisini na moja, inaniendea vizuri.

Nikuhadithie. Macho yake hayasomi tena, basi alinitolea barua za babu yake nimsomee. Babu huyo na kaka yake walikuwa na karakana moja ya useremala. Zaidi ya miaka mia iliyopita, rais wa hapa Marekani na rais mstaafu, marafiki wakubwa, waligombania tiketi ya chama chao. Yule kaka alikuwa mjumbe wa mkutano mkuu, akasimama na rais. Babu, aliyekuwa upande wa mstaafu, akamwambia, "Mmetuibia viti vya wajumbe!" Mstaafu akaunda chama chake, kura zikagawika, mpinzani wao akapita katikati. Ndugu nao wakajenga ukuta ndani ya karakana. Kaka alipokufa, babu hakwenda kuzika.

Hapo nikaiweka barua chini.

"Mbona husomi?" Bi Ruth akauliza.

"Hata kwetu yapo," nikamjibu.

Akafikiri, kisha akanituma nimtafutie kizazi cha yule kaka. Kumbe mjukuu wake, mzee Walter, anakaa Sterling, mwendo wa saa moja kwa gari! Jana alikuja. Wakakumbatiana, wakalia, halafu wakaanza kubishana.

"Babu yako ndiye mwizi!" Bi Ruth akagonga meza.

"Na wako ndiye aliyevunja chama!"

Nikadhani yameharibika. Mara wakaangua kicheko, wakaomba chai nyingine.

Baba, niwie radhi. Tangu uchaguzi, wewe na ndugu yako, Ami Hamad, hamsalimiani, kila mmoja na msikiti wake. Leo asubuhi nilimpigia simu. Baada ya salamu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Goti la baba yako limepona?"

"Njoo umuulize mwenyewe, Ami."

Akasema anachelea utamfungia mlango. Nimemwambia hutamfungia. Usiniaibishe, Baba.

Nisalimie dada Maryam na wanawe, na shangazi wa Chake. Barua hii naituma kwa simu ikuwahi; Mama namwomba ateleke kahawa Alhamisi hii baada ya alasiri, maana Ami amesema atakuja.

Mwanao akupendaye,
Salma