Mzee wa Giga Kumi na Moja

Jumatatu, 17 Juni

Baridi ya kukata masikio. Shemeji yangu Katleho karudi kutoka Bloemfontein, na kitu cha kwanza kutoka kwenye begi lake si zawadi ya mama yake. Laptopu! Nyembamba kama sinia. Kaitua juu ya meza yangu ya kazi, bega kwa bega na Mzee, bila hata hodi.

Mzee ni kadi yangu ya michoro. Imo ndani ya kompyuta ya mezani, nzito kama tofali, feni tatu, niliinunua ikiwa mtumba na haijawahi kuniaibisha. Ndiyo inayopika michoro yangu yote ya nyumba mpaka iwe picha kamili. Nusu ya mapaa mapya ya hapa Mokhotlong yalionekana kwenye skrini yangu kabla mtu hajachimba msingi. Najisifu? Najisifu! Nani mwingine atanisifu humu ndani?

Katleho akachungulia kwenye kasha, akacheka. "Shemeji, hii bado inaishi? Ipelekeni makumbusho!" Kadi ya laptopu yake ina namba kubwa kuliko ya Mzee, ni mpya kwa vizazi viwili, haili umeme, haipigi kelele. Eti kazi ya Ntate Khoabane aipike yeye.

Kazi yangu! Bwana huyu ndiye mjenzi ninayemchorea. Anataka filamu fupi ya banda jipya la kunyolea mifugo. Wafugaji wataitazama tarehe 29, wakiipenda watampa ujenzi.

Damu ikanipanda. Nikasema mbele ya wote: mashine itakayomaliza kazi hiyo kwanza ndiyo ibaki mezani, nyingine iuzwe. Moeketsi, mume wangu, kanitumbulia macho. 'M'e, mama mkwe, alikuwa kanyoosha miguu kwenye kasha la kompyuta, anaota joto kama kawaida yake. Huliita jiko la 'Mats'epo. 'Mats'epo ndiyo mimi.

Jumanne, 18 Juni

Tumejaribu kwa picha moja ndogo. Jiko la dada yake Ntate Khoabane — dirisha, kabati, sufuria mbili.

Laptopu ilimaliza kabla chai haijachemka. Mzee alikuwa bado anahema.

Naandika ili nisijidanganye: nimeshindwa, na vibaya! Hizi kadi mpya zina ujanja wa kupiga mwanga ambao Mzee hakufundishwa. Katleho kacheza katikati ya sebule. "Wazee wapumzike! Wazee wapewe pensheni!"

Na Moeketsi naye, bila kuniuliza, kampigia simu Teboho wa Butha-Buthe, yule anayenunua vipuri vya kompyuta. Atapanda milima na pikapu yake Jumamosi ya tarehe 29. Nilipomfokea akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma: si ulisema mwenyewe?

Nilisema mwenyewe. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 20 Juni

Sitaki kuandika. Nimempangusa Mzee vumbi kwa brashi ya rangi. Basi.

Jumamosi, 22 Juni

Raha leo! Nimemkuta Katleho kitandani, laptopu kaiweka juu ya blanketi, inapika picha — inajikokota. Nikaigusa tumboni: pasi! Ilipata moto ikapunguza mwendo yenyewe isije ikaungua.

"Nani anaiziba mashine pumzi?" nikamwambia. "Hata mkaa unataka hewa, bwana!"

Kaihamishia mezani, kanuna mpaka chakula cha usiku.

Halafu nikakaa kusoma habari za kadi zote mbili, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kufungua mdomo. Kumbe! Kadi ya laptopu ina jina lilelile la kadi kubwa ya mezani ya kizazi chake, lakini ni wajina tu. Mwili si ule. Imepunguzwa ili ienee kwenye lile sinia, na umeme inaopewa haufiki nusu ya ule wa Mzee. Halafu kumbukumbu — pale kadi inapotandaza picha nzima kabla ya kuipika. Ya Katleho ni giga sita.

Mzee ana giga kumi na moja.

Nimesoma tena. Kumi na moja! Kijana ana mikono myepesi, ila meza yake ndogo. Sijamwambia mtu. Nimekula papa, ugali wetu wa mahindi, na mboga nikitabasamu peke yangu, Moeketsi kaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 24 Juni

Ntate Khoabane kapiga simu, sauti ya kuomba radhi. Wafugaji wamesikia kuna filamu, wametuma neno: banda bila mbuzi ni ghala. Wanataka mbuzi ndani. Na si mbuzi wowote. Mbuzi wao wa singa, wale wanaonyolewa manyoya marefu ya kuuza, na singa zao mwilini.

"Mbuzi tu?" Katleho kasema. "Nitawawekea mia!"

Nimeshinda zizini na 'M'e, yeye kamshika jike lake kwa pembe, mimi nachora. Alinilazimisha nipenyeze vidole kwenye singa mpaka kwenye ngozi. "Usinichoree mbuzi wa kwenye kitabu cha shule. Ona hapa zinavyojisokota. Ona hapa chini ya shingo." Vidole viliganda. Lakini nimemchora! Unywele kwa unywele, kutoka shingoni mpaka magotini. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi, na nyumba zangu zinisamehe.

Jioni tukaliingiza kundi kwenye mchoro. Laptopu ikakataa. Kumbukumbu imejaa. Katleho akaizima, akaiwasha, ikakataa tena. Mzee akalibeba kundi zima! Akaguna, feni zikapanda, akaanza. Polepole — ila kaanza.

Katleho naye si wa kukubali. Kapunguza singa. Nusu, kisha nusu ya ile nusu, mpaka mbuzi wakaenea kwenye zile giga zake sita. Kesho atakuwa amemaliza filamu yote. Mzee anataka mpaka Jumamosi.

Na neno langu lilikuwa "itakayomaliza kwanza". Kwa nini sikusema "itakayopika vizuri"? Kwa nini?

Jumatano, 26 Juni

Lazima niandike yote kabla sijasahau hata moja.

Katleho alimaliza jana. Hakuweza kungoja Jumamosi. Kaomba kwa Ntate Phafoli, mwenyekiti wa wafugaji, aionyeshe leo nyumbani kwake. Tukaenda. Wazee sita na mabibi wawili, wote wamejitanda mablanketi, fimbo kati ya magoti. Picha ikapigwa ukutani. Banda likatokea — banda langu, mchoro wangu — mlima nyuma, theluji juu. Zuri. Wakaguna kwa kuridhika.

Halafu wakatoka mbuzi.

Ntate Phafoli akainuka, akaenda mpaka ukutani, akapapasa mgongo wa mbuzi kwa kiganja kama yuko mnadani. Akageuka.

"Nani kawanyoa mbuzi hawa wakati wa theluji?"

Mama mmoja nyuma: "Hawajanyolewa, Ntate. Hawa wana upele!"

Jamani! Walicheka mpaka fimbo zikaanguka. Mwingine akasema hao hawafiki Jumapili, bora wachinjwe leo. Mwingine akamuuliza Katleho kama ni mbuzi wa Bloemfontein. Banda hawakulitazama tena, hata mlango wake hawakuuona. Ntate Khoabane kajifuta jasho kwenye baridi ile.

Ntate Phafoli hakucheka. Kasema Jumamosi saa sita wanakutana kama ilivyopangwa. "Tuleteeni mbuzi wenye nguo zao. La sivyo ujenzi tutampa mtu anayejua mbuzi ni nini."

Njiani sikumcheka shemeji. Niliingia jikoni, nikafunga mlango, ndipo nikacheka mpaka nikakaa chini. Usiache mbachao kwa msala upitao, eeh? Eeh?

Ila Moeketsi kaniharibia. Laptopu ilimaliza kwanza, kasema. Teboho kapewa ahadi. Na mke wake hajawahi kula neno lake, si ndiyo? Ndiyo. Sijawahi.

Alhamisi, 27 Juni

Theluji imeanza. Mzee anapika. Filamu ni safu ya picha, moja baada ya moja, na kila ikitoka naikodolea macho kama mtoto aliyezaliwa. Singa zinang'aa! Mbuzi wa mbele ana tabia kabisa, unaona anataka kukupiga pembe.

Asubuhi Katleho kasimama mlangoni, kakuna kichwa. "Shemeji. Zile sehemu zisizo na mbuzi — paa, milima — nipe mimi. Yangu itazimaliza leo, Mzee abaki na mbuzi tu."

Nilitaka kumwambia neno. Nikampa. Na kweli kazimaliza kabla ya chakula cha mchana, safi, hakuna cha kutia doa. Lazima niseme haki: ile laptopu ina mbio. Na Jumamosi ndiyo itakayobebwa mkutanini, maana Mzee habebeki. Kila mtu na kipaji chake. Ila kundi liko kwa Mzee!

Ijumaa, 28 Juni

Nilikwenda dukani kuongeza umeme. Nimerudi — nyumba kimya. Hakuna feni. Skrini nyeusi. Na juu ya kompyuta nzima, kutoka kichwani mpaka chini, blanketi! Si blanketi lolote. Lile la 'M'e la Pasaka na mazishi, ambalo wajukuu hawaruhusiwi kulikalia.

Mashine ilikosa hewa, ikapata moto, ikajizima.

'M'e kakaa pembeni yake na shali tu, anatetemeka. "Alikuwa anaguna," kaniambia. "Tangu Jumatatu anaguna. Anafanya kazi ya nyumba nzima peke yake na hana hata blanketi."

Kelele ilikuwa imeshafika kooni, nikaimeza. Utamfokeaje mtu aliyevua nguo yake ya heshima akakivisha kitu chako? Miaka tisa nimeolewa humu. Miaka tisa "jiko la 'Mats'epo". Leo ni "yeye", na kavishwa.

Nimelivua taratibu kwa mikono miwili, kama unavyomvua mtu mzima, nikamrudishia mabegani. Nikamweleza: huyu akifanya kazi huachwa wazi, kama mkaa.

"Sasa si ungesema!" kanijia juu. Halafu, kwa sauti ya chini: "Kile kisinia cha Katleho sikukifunika."

Nimewasha. Mzee kaamka! Zilizopikwa zote zipo, imepotea ile moja tu aliyokuwa nayo. Lakini saa zimekwenda. Kesho itakuwa kukabana koo.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika magotini, hapahapa sebuleni, maana nisiposhika kalamu nitashika mtu.

Picha nane bado. Saa tano imepita. Katleho kachuchumaa na laptopu mapajani, waya umechomekwa kwa Mzee, anapokea kila picha inapoiva. Tangu asubuhi hajafanya utani hata mmoja.

Teboho kafika! Theluji yote ile na kafika, minyororo kwenye magurudumu. Kaingia, kasalimu, bisibisi iko mfukoni mwa koti naiona. Moeketsi kampa kiti. 'M'e kampa bakuli la uji wa mtama — motoho wa moto — na mgeni haachi motoho wa mama mtu mzima. Anakunywa. Anasogeza kiti. Sasa na yeye kanyoosha miguu kwenye kasha.

"Joto hili linatoka wapi?" kauliza.

"Kunywa uji, mwanangu," 'M'e kamjibu.

Picha tano. Ntate Khoabane kapiga simu: wazee wameshakaa. Nimemwambia mbuzi wako njiani. Sijadanganya.

Moeketsi kakohoa. Kasema, 'M'e, naomba usogee, mgeni atazame kadi. 'M'e kakaa palepale mbele ya kasha, blanketi la Pasaka mabegani, mgongo umenyooka. Kasema aitazame, nani kamkataza? Aitazame ikiwa kazini.

Neno langu ni neno langu. Nikiulizwa nitasema ilimaliza kwanza, hata kama nitalia.

Picha tatu. Mbuzi wa mbele kainua kichwa. Teboho kaacha kunywa. Kainama mpaka pua inagusa skrini, kwao nao wanafuga. "Huyu ni wa nani?" kanong'ona. "Wangu," tumejibu pamoja, 'M'e na mimi.

Picha mbili.

Teboho katoa bisibisi, kaiweka mezani, katutazama mmoja mmoja. "Sasa. Inayouzwa ni ipi?"

Feni zinavuma. Moeketsi kanitazama, mimi nimefungua mdomo —

'M'e hakuinuka. Kanyoosha kidevu tu. Kwenye sinia lililo mapajani mwa Katleho.