Wilaya ya Mama Tresi na kaburi la kodi

Jumatatu, 4 Septemba 2006. Mawaleh, Maskati.

Leo joto la unyevu. Vioo vya madirisha vinatoka jasho kwa nje, mimi kwa ndani. Shaabani inafika nusu, Ramadhani iko mlangoni, na mimi ndiyo kwanza nimetia uongo mdomoni.

Au si uongo. Sijui. Ngoja niandike, labda nikiuona utanijibu wenyewe.

Mgonjwa ninayemlea hapa, Mama Tresi, ni Mzungu wa milimani. Aliishi Lushoto miaka mingi na marehemu mumewe aliyekuwa na kiwanda cha mbao. Mwanawe Karli, mzaliwa wa hukohuko Lushoto, anatengeneza pampu kwenye mtaa wa viwanda wa Ghala, ndiye aliyemleta hapa Maskati akae naye. Mimi kwetu Tanga. Nilipokuja kuomba kazi, mama aliniuliza jambo moja tu: najua kupika kisamvu? Sasa hata kisamvu hakipandi. Figo zimechoka na daktari hafichi tena.

Habari za kwao amenisimulia kidogo kidogo, nikimkanda miguu.

Wilaya yao ilikuwa bonde refu chini ya milima ya theluji, nayo ilikuwa ya Austria. Vita vya kwanza vilipokwisha, wakubwa walikaa mbali huko wakachora mpaka mpya, na wilaya ikaamka iko Italia. Watu hawakusogea hata hatua. Mkuu wa wilaya akafungashiwa virago, ofisi ikavunjwa. Vijiji vikapewa majina mapya. Lugha yao ikapigwa marufuku shuleni, watoto wakawa wanafundishwa kwa siri jikoni, mmoja amesimama dirishani kuangalia polisi. Hata kwenye mawe ya makaburi ilikatazwa. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, na jiwe likaandikwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita nalo.

Kisha, vita vya pili vikikaribia, wakaambiwa wachague. Ama wahamie kwa Wajerumani waache kila kitu, ama wabaki wawe Wataliano moja kwa moja. Baba yake akachagua kwenda. Baba yake mdogo akabaki. Ndugu wa tumbo moja, nyumba zao zimegusana. Waliobaki wakawaita wenzao wasaliti, na waliokwenda wakarudisha neno hilohilo. Asubuhi ya kuondoka baba mdogo hakutoka nje. Mama Tresi anasema alichosikia ni ng'ombe wa baba mdogo tu wanalia zizini, hakuna aliyekwenda kuwakamua.

Siku moja nilimwambia, "Mama, mimi nilidhani wilaya haifi. Kwetu zinagawanywa tu." Hapa Oman nao wanasema hivyohivyo, wilaya, basi nikaona neno lina nguvu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Inakufa, Mwanaidi. Tena haina matanga."

Anachotaka ni kimoja. Azikwe alipo mama yake. Mwezi mzima hasemi lingine.

Leo Karli amerudi mapema, mikono imejaa grisi, akanivuta jikoni. Amepiga simu kule kijijini kwao mama na wamempa jibu. Kaburi halipo.

Kumbe huko kaburi linakodishwa! Miaka ikipita hakuna anayelipa, jiwe linang'olewa, mifupa inawekwa pamoja na ya wengine, halafu pale analazwa mtu mwingine. Ukoo wa baba mdogo umekwisha, hakuna aliyelipa. Na nafasi mpya ni za wenyeji. Mama si mwenyeji, kwa sababu baba yake alichagua kwenda.

Alichagua yeye? Alikuwa mtoto.

"Usimwambie, dada," Karli akasema. "Mwache aende na tumaini lake." Akafungua bomba akanawa mikono mpaka grisi ikaisha, na bado anaisugua.

Alasiri nimeiswali vibaya. Mdomo unasoma, moyo uko makaburini kwa watu nisiowajua, nawagombeza. Astaghfirullah.

Baada ya Magharibi nikampelekea uji. Hata sijashika kijiko, akauliza, "Wamejibu?"

Nikasema, "Bado."

Nilijiona mjanja. Nilidhani nimepata neno ambalo Mungu na Karli wote wataliridhia.

Akanitazama weee. "Mwanaidi. Lushoto nilikuwa na mpishi, Shemdoe. Nikimwuliza chakula tayari, anasema bado. Siku hiyo najua hata moto hajawasha."

Nikataka kucheka, machozi yakawahi. Uso wangu ulishamaliza maneno yote.

Hakulia. Alikula vijiko viwili vya uji, pole pole, kama mtu anayenisaidia mimi. Desturi ya makaburi ya kwao anaijua kuliko mimi: akauliza wamemtoa lini mama yake. Nikasema sijui. Akauliza jiwe wamelipeleka wapi. Nikasema hilo nalo sijui. Akageukia ukutani.

Kisha akasema huko huko alikogeukia, "Basi nizikwe hapa. Hapa kuna kodi?"

"Hakuna, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akashusha pumzi. Akanipa mkono niufunike shuka.

Sasa nimekaa sebuleni, na hakika hiyo sina. Makaburi ya Wakristo hapa Maskati sijawahi hata kuuliza yako wapi. Wanazika vipi, wanalipa nini, kwa miaka mingapi, mimi najuaje? Nimejibu tu kwa sababu aliuliza na hali yake ile. La "bado" huenda nikasamehewa. Hili la "nina hakika" nimemwekea mtu kaburini.

Karli hajui kwamba mama ameshajua. Nitamwambia asubuhi akinywa chai, anikasirikie akitaka. Kisha nitachukua teksi hadi Ruwi kwenye makanisa, na buibui langu hivi hivi, nimwulize atakayenifungulia mlango kama maiti wa hapa wanalipa kodi. Wakinicheka, na wacheke.

Ila wakisema ndiyo, ya Rabi, nitaingia chumbani kwake na uso gani?